Kibuyu cha Mama Hilary

Efrazia aliomba pikipiki isimame kabla hawajafika. Hilary alidhani anasikia kichefuchefu, maana njia ya kuteremka kutoka Endasak ilikuwa imewatikisa vya kutosha. Akazima injini na kugeuka na uso wa wasiwasi. Kumbe mwenzake alitaka kutembea tu.

"Nyumbani si pale kwenye uzio?" Efrazia aliuliza.

"Ni pale. Lakini bado mbali, Efra. Kaa, nikushushe mlangoni."

"Sitaki kushushwa mlangoni kama gunia la mahindi. Nataka waanze kuniona nikitembea, wamalize kushangaa, ndipo tusalimiane."

Hilary aliijua sauti hiyo. Ikishafika hapo, hata trekta halimvuti. Akamshikia fimbo wakati anashuka, naye akaipokea bila kusema asante. Halikuwa jambo la kiburi. Aliogopa tu, na hakutaka sauti imsaliti. Pikipiki ya pili ikafika nyuma yao ikiwa imempakia shangazi Agatha, dada wa baba yake Efrazia, aliyeletwa awe msemaji wa ukoo na ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki. Aliposikia kwamba wanatembea alitazama viatu vyake vipya, akatazama vumbi, akasema angejua angekuja na malapa.

Wakatembea. Mlima Hanang ulikuwa mgongoni mwao, na mbele yao tambarare ilikuwa imejaa ng'ombe wanaorudi. Mguu wa kulia wa Efrazia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, hivyo kila alipokanyaga bega lake lilishuka kidogo kisha likapanda. Gauni la kitenge alilovaa alikuwa amelishona mwenyewe. Fundi mwingine angeshusha pindo upande mmoja ili kuficha mguu, na wenzake sokoni Maretadu walimshauri afanye hivyo. Yeye alilikata sawa pande zote. Likiinama, na liiname.

"Mama umemwambia?" aliuliza njiani.

"Nimemwambia," Hilary akajibu, macho yake yakiwa kwenye usukani wa pikipiki aliyokuwa akiikokota.

Efrazia akamwamini. Alimwamini kwa sababu alimpenda, na kwa sababu siku hiyo alihitaji sana kumwamini mtu.

Kupendana kwao kulianza na vifungo. Hilary alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, akipanda Mbulu kila mnada, na siku moja alipita kwenye cherehani ya Efrazia na shati lililopungua kifungo kimoja. Mnada uliofuata kikapungua kingine. Ikawa hivyo mpaka fundi akalitazama shati kwa makini na kuona kwamba uzi haukuchakaa, ulikatwa kwa kisu. Alikishona kifungo kimya kimya, akalikunja shati, akamwambia yule kijana kwamba anayemkatia vifungo amwambie aache, au aje mwenyewe aseme anachotaka. Hilary alisimama pale masikio yakimwaka, mwanaume mzima anayewapigia kelele madalali wa mnada, akashindwa kusema neno. Alirudi kesho yake akalisema. Tangu hapo Efrazia alikuwa akicheka peke yake kila aonapo kifungo.

Nyonga, iliyoufupisha mguu wake, ilikuwa habari ya kabla ya vifungo. Efrazia aliugua figo akiwa bado shule, akavimba uso na miguu, na hospitali wakampa vidonge vya kuzituliza. Vidonge vilimwokoa, lakini vilishusha kinga ya mwili wake, na vilipaswa kuendelea. Hakuna aliyejua kwamba kikombe cha maziwa mabichi, ambacho kwa mwingine kinapita tu, kwake kingeweza kuwa balaa. Alikunywa kwa jirani, kwa upendo kabisa. Baadaye zikaja homa za jioni, na jasho, na maumivu ya nyonga yaliyomfanya alie akigeuka kitandani. Nyumbani walidhani ameteguka. Wakamkanda kwa mafuta ya kondoo na maji ya moto, kila mtu kwa mikono ya huruma, na kila walipokanda ndivyo kiungo kilivyozidi kuvimba. Alipofikishwa hospitali wadudu wa kwenye maziwa yale walikuwa wameshaingia ndani ya kiungo na kuula mfupa. Walimtoa usaha, wakamlaza, wakamnywesha dawa kwa miezi. Siku ya kumruhusu, daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba nyonga ile imeponea chupuchupu, na wadudu wakiingia tena hatatembea nayo. Maziwa yachemke mpaka yafure, au asinywe kabisa.

Hilary aliyajua yote hayo. Alikuwa ameyasikia kwa mdomo wa Efrazia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kibao kando ya cherehani, na aliahidi kwamba mama yake atayasikia mapema. Maana kwa mama yake jambo la maziwa halikuwa jambo dogo. Mama Hilary hakuwahi kuweka maziwa ya ng'ombe wake motoni. Bibi yake hakuwahi. Walijua kwamba maziwa yakifura motoni, titi la ng'ombe hupasuka.

Baba yake Efrazia, Mzee Herman, aliikubali safari ile kwa shingo upande. Hakupenda binti yake aende kuishi na watu wa tambarare, ambao babu zao na babu zake waliibiana ng'ombe mpaka wakachoka. Asubuhi ya safari alimkabidhi fimbo mpya aliyoichonga kwa mti wa mzeituni. Akamwambia, "Wakikupokea, wakupokee na mguu wako. Wakikukataa, urudi. Lakini usiende kuinama kule." Akaingia ndani haraka, maana machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

Basi ndivyo Efrazia alivyofika, kwa miguu yake, shingo imenyooka.

Mzee Gidabarda, baba yake Hilary, alikuwa ameketi kwenye kigoda amejifunika shuka jekundu, kiko mkononi, mgongo umepinda. Efrazia alimpa shikamoo akiwa ameinamisha kichwa, mzee akaitikia kwa sauti nzito na kumtazama kwa upole. Kisha mama mwenyewe akatoka. Alikuwa mrefu, bangili za shaba zimemjaa mkono, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi kifupi, cha mnadani, kisicho na mapambo. Alitazama kwanza mguu, akatazama fimbo, uso akaufikia mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulianguka?"

"Hapana, mama. Niliugua."

"Maji unachota?"

"Nachota. Ila naenda taratibu."

Mama Hilary akamgeukia shangazi Agatha. "Mgeni huyu anajibu," akasema, na haikujulikana kama ni sifa au ni lawama. Shangazi aliichukua kuwa sifa, akaanza papo hapo kueleza kwamba sare za shule nzima ya Maretadu zinashonwa na mikono hii mnayoiona, na kwamba walimu wa Bashay nao wameanza kuleta. Mama Hilary alisikiliza bila kupepesa. Kila alipohitaji kumtaja Efrazia alimwita mgeni. Mgeni akae hapa. Mgeni apewe maji.

Jua lilipoanza kuteremka, mama akaingia zizini. Alimtoa ng'ombe mmoja mweupe mwenye masikio ya kahawia, aliyezaa kwa mara ya kwanza, akamkamua yeye mwenyewe huku wote wakitazama, akimwimbia kwa sauti ya chini. Kibuyu kilikuwa kimefukizwa vizuri, harufu yake ya moshi ikafika mpaka walipoketi. Hilary alimnong'oneza Efrazia kwamba ng'ombe yule alikuwa hajakamuliwa kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, mama alimtenga tangu aliposikia kuna mchumba.

Efrazia akakitazama kibuyu. Mama aliyeambiwa habari za maziwa asingefanya hivi.

"Hukumwambia," alisema taratibu.

"Usijali. Nitatengeneza."

Hakupata nafasi ya kumuuliza atatengeneza nini. Mama alikitundika kibuyu ndani na kwenda kuvaa vazi lake la ngozi lenye nyuzi ndefu, vazi ambalo halivaliwi ovyo, na Hilary naye akanyanyuka akapotea kwa muda. Efrazia alibaki akitafuta maneno. Aliamua kwamba atayasema mwenyewe, kwa heshima, kibuyu kikiletwa tu. Atasema asante kwanza. Kisha atasema hapana.

Mama Hilary alirudi na vazi lake likichezacheza kwenye miguu, kibuyu mikononi, na uso wake kwa mara ya kwanza ulikuwa na nuru. Alikuwa mzuri, yule mama. Efrazia aliona kwake vile Hilary atakavyokuwa akizeeka, kidevu kile kile, na akatamani kumpenda. Katika nyumba ile mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone hana neno naye. Mama akainua kibuyu, akaonja.

Akasimama hivyo hivyo. Akamimina kidogo kiganjani, akanusa. Nuru yote ikaondoka usoni.

"Maziwa haya yameona moto," alisema.

Mzee alikishusha kiko chake.

"Mgeni. Ni wewe?"

Shangazi Agatha alivuta pumzi ya kuanzia hotuba, na Efrazia akaubana mkono wake kwa nguvu mpaka akaitoa ile pumzi bila neno. Kisha akamtazama Hilary. Kijana alikuwa ameinama anachora ardhi kwa kidole cha mguu, na kwenye mkono wa shati lake, karibu kabisa na kifungo ambacho Efrazia alikishona, kulikuwa na masizi ya sufuria. Neno moja tu lingemtosha Efrazia. Angesema muulize mwanao, na yeye angekuwa msafi. Alilisubiri kutoka kwa mwenyewe. Alisubiri, na Hilary akazidi kuchora.

Efrazia akaikita fimbo yake chini, akasimama.

"Mama, sikumtuma mtu. Lakini hayo maziwa yamechemshwa kwa ajili yangu, hilo siwezi kulikana. Nakuomba radhi kwa sababu yametoka kwa ng'ombe uliyemtenga mwenyewe. Ila ungenipa mabichi, nisingekunywa. Ningekuambia hivi hivi, nimesimama mbele yako."

"Unakataa maziwa ya nyumba yangu."

"Nakataa mabichi ya nyumba yoyote, mama. Hata ya kwetu."

Akaeleza. Hakulia na hakulainisha. Alieleza habari ya vidonge vya figo vinavyoacha mwili bila mlinzi, na kikombe cha jirani, na jinsi wadudu walivyohamia nyongani wakafanya makazi. Akaeleza maneno ya daktari. Alisema kwamba mguu huu anaoutembelea ameupata kwa shida, si wa kuazima, na hatauweka rehani ili apendwe. Mama Hilary alisikiliza bila kuondoa macho. Aliyekatiza alikuwa mzee.

"Hilo jasho," Mzee Gidabarda aliuliza, "lilikuja wakati gani?"

"Jioni, baba. Shuka linalowa kama limefuliwa. Kesho yake unakuwa mzima, unadhani imeisha."

"Na asubuhi huwezi kuinama kufunga viatu."

"Siwezi, baba. Nilifungiwa na mdogo wangu."

Mzee akavuta shuka lake karibu. Mkewe alimtupia jicho la haraka, kisha akakiweka kibuyu chini, akageuka na kwenda zizini bila kumuaga mtu. Walimwona akichutama kwa yule ng'ombe mweupe, akilipapasa titi pande zote, polepole, jinsi mtu anavyompapasa mtoto aliyeanguka.

Shangazi Agatha alisema basi, watu wameshasema, waende zao kabla giza halijaingia. Efrazia alikwisha kutangulia kuelekea pikipiki. Aliondoka taratibu na fimbo yake, na hakuna aliyeweza kusema kwamba alikimbia. Hilary akamfuata.

"Efra. Nisikilize."

"Ulisema umemwambia."

"Niliogopa. Nilijua akisikia mapema atasema usije."

"Kwa hiyo ukanileta nikiwa nimefichwa, kama dalali anayempaka ng'ombe matope asionekane kovu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Hilary zaidi. "Mimi nashuka njiani ili waone mguu wangu wote, wewe unaenda jikoni kuuficha."

"Nilitaka kukulinda. Nimechemsha mpaka yakafura, nikahesabu dakika kabisa, kama ulivyonionyesha. Nimeungua kidole." Akamwonyesha, maskini, kidole chenye lengelenge, na Efrazia akataka kukishika, kukibusu na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Leo umechemsha wewe," alisema. "Kesho ukiwa mnadani? Keshokutwa? Nikae hapa kwenu nasubiri urudi unifiche tena? Mimi niko tayari kuolewa kwenye nyumba ambayo mama hanipendi, Hilary. Nitafanya kazi, nitamheshimu, labda siku moja atanizoea. Lakini siwezi kuolewa na mwanaume anayenionea aibu."

"Sikuonei aibu."

"Mama yako aliniuliza mimi. Wewe ulikuwa unachora chini."

Upepo wa tambarare ulikuwa unapeperusha kitenge cha Efrazia, na pindo lile lililokatwa sawa lilikuwa limeinama upande wa kulia. Hilary alilitazama muda mrefu. Alikuwa amelipenda pindo lile tangu siku ya kwanza na hajawahi kumwambia.

"Sikuonei aibu," alirudia.

"Basi usiniambie mimi. Kaseme kule."

Akaenda. Efrazia alibaki ameegemea pikipiki, mikono imekaza juu ya fimbo ya baba yake, akijiambia kwamba vyovyote itakavyokuwa atarudi Maretadu na kichwa chake kikiwa juu. Cherehani ipo. Wateja wapo. Alijiambia hivyo huku machozi yakimtiririka, akayafuta kwa kiganja kabla shangazi hajayaona.

Hilary alisimama katikati ya uwanja, akamwita mama yake kwa lugha yao, kisha akabadili akasema kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa, ili aliyekuwa kwenye pikipiki naye asikie.

"Mama, aliyechemsha ni mimi. Huyu hakujua. Nilimwambia nimeshakueleza habari zake, nikamdanganya, na wewe sikukueleza. Kosa ni langu mara mbili. Lakini huyu ndiye ninayemtaka. Namtaka na nyonga yake, na vidonge vyake, na sufuria yake. Mimi ninajivunia kutembea naye. Kama hapa hapana nafasi ya sufuria yake, mimi nitakuwa nakuja kuwasalimia kama wageni wengine wanavyokuja."

Ndugu msomaji, mwanaume aliyesema hivyo alikuwa bado na masizi kwenye mkono wa shati. Shangazi Agatha aliyaona, na mpaka leo anayasimulia. Lakini alisema, na alisema akiwa ameinua kichwa.

Mama Hilary alitoka zizini akijifuta mikono.

"Najua ni wewe," alimwambia mwanawe. "Umemwaga maziwa jikoni kwangu, na mwiko umeuweka mahali ambapo mwanamke hauweki. Niliyaona nikichukua kibuyu, na nilipoonja nikaelewa."

"Sasa mbona ulimuuliza yeye?"

"Nilitaka kuona kama atakutaja." Akamtazama Efrazia aliyekuwa bado mbali. "Hakukutaja. Wewe ndiye ulimwacha peke yake."

Mama yake akampita, akatembea mpaka kwenye pikipiki, nyuzi za vazi lake zikilia polepole, akasimama mbele ya Efrazia. Walikuwa karibu urefu sawa. Walitazamana, wanawake wawili ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amezoea kuomba.

"Titi halijapasuka," Mama Hilary alisema.

"Nashukuru, mama."

"Bado. Tutaona asubuhi." Akasogeza bangili zake. "Mimi maziwa ya ng'ombe wangu siweki motoni. Mpaka nife, siweki. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Siwezi kukuomba uache yako."

"Na wewe huachi yako."

"Siachi, mama."

Mama Hilary akaitikia kwa kichwa taratibu, akionekana kama mtu aliyefika mnadani na kukutana na bei aliyoitarajia.

"Yule mweupe nilimkamua kwa jina lako," alisema. "Kibuyu nilikibeba kuja kwako. Basi yule si wangu tena. Ni wako, na ndama wake. Ng'ombe wangu nawajua mimi. Ng'ombe wa mtu, maziwa yake yakienda motoni au yakienda kisimani, mimi siwezi kuuliza."

Efrazia hakuelewa mara moja. Alipoelewa, akageuka kumtazama yule mweupe, na shangazi Agatha akakaa chini vumbini na viatu vyake vipya.

"Lakini si jikoni kwangu," mama akaongeza. Akamgeukia Hilary na kumwamuru achukue mawe matatu mazuri akayapange pale nje ya uzio, upande wa upepo, na asidhani kazi imeisha, kuni pia akakate yeye. Hilary alikimbia kwenda kuyatafuta, na Mzee Gidabarda akacheka kwenye kigoda chake mpaka mgongo ukamuuma.

Mafiga yakapangwa, moto ukawashwa. Hilary alipiga magoti kuupuliza, na alipoinua uso uliojaa majivu, Efrazia alikuwa anamtazama. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alinyoosha tu mkono, akaushika ule wenye lengelenge, akauangalia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba fundi mbaya ndiye anayeungua. Hilary akatabasamu mpaka masikio yakamwaka tena.

"Nimekusikia ulivyosema pale," Efrazia alinong'ona.

"Nilisema vizuri?"

"Ulichelewa. Lakini ulisema vizuri."

Kwa kuwa ng'ombe alikuwa wake, alikwenda kumkamua mwenyewe kile kilichobaki. Ng'ombe mweupe alisita alipoisikia fimbo ikigonga, akanusa mkono wa mgeni, kisha akatulia. Maziwa yalipatikana kidogo, lakini ya sufuria ndogo yalitosha. Efrazia akayabandika, akachutama kadiri nyonga yake ilivyomruhusu, mguu mmoja umenyooka mbele.

Mama Hilary alikuwa amekaa ndani ya uzio, amewapa mgongo. Alikaa wima, uso kuelekea mlimani, akionyesha wazi kwamba hajui kinachoendelea nyuma yake wala hataki kujua. Mzee alikokota kigoda chake polepole kutoka kwa mkewe mpaka kwenye moto.

"Hospitali iliyokutoa hayo maji ya nyongani," aliuliza kwa sauti ya chini, "mzee anapokelewa?"

"Anapokelewa, baba. Nitakupeleka mwenyewe."

"Basi yakiiva na mimi nimiminie."

Mgongo wa Mama Hilary ulisikia hayo. Bangili zikalia kidogo, kisha zikatulia. Moto ulikuwa umekolea sasa. Efrazia, aliyekuwa amegeuka kumsikiliza mzee, hakuona povu likianza kukusanyika, likivimba taratibu na kupanda kwenye kingo za sufuria. Hilary naye hakuona. Alikuwa anamtazama Efrazia.

"Mkwe," ilisema sauti kutoka ndani ya uzio, bila aliyesema kugeuka. "Yanafura hayo. Epua."